Moyo Unapokawia

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga, kwa kawaida, mara 60 hadi 100 kwa dakika. Lakini umeme wake wa asili ukidhoofika au ukikatika njiani, mapigo yakashuka hata mtu akazimia na kuanguka kando ya kisima, hali kamba ya ndoo ingali mkononi, hapo tabibu, akiisha kuupima moyo na kuyakinisha kwamba sababu si dawa azimezazo, huweza kuamua kumtia chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kifaa kidogo chenye betri, kiuamshacho moyo kila unapokawia. Arne Larsson wa Uswidi, wa kwanza kupandikizwa kifaa hicho mwaka 1958, alibadilishiwa vingine zaidi ya 20, akaishi hadi 2001. Mwenye nacho hupika, husafiri, na hufanya kazi zake; ila simu ya mkononi asiiweke mfuko wa kifuani, na sikioni aipeleke upande usio na kifaa. Nawe mwenye kifaa, tafadhali, kadi yake ya utambulisho usiiache nyumbani, wala miadi ya kukipima usiikose.