Boti Ikishuka Dar es Salaam, Bado Haijafika Kitangiri

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wa wafadhili, Singida mjini)



Nimepewa dakika chache nieleze suala la boti. Kama mlivyokwisha kusikia, marafiki zetu wa ng'ambo wamejitolea kutupatia boti ndogo ya injini pamoja na tela lake, ili mwinjilisti na mhudumu wa afya wazifikie familia za kando ya Ziwa Kitangiri wakati wa masika, mbuga ya Wembere inapojaa maji na njia kukatika. Tunawashukuru sana. Hata hivyo, kabla kontena halijafungwa huko, kamati zenu zinatakiwa kuamua: je, tutaweza kugharamia safari yake kutoka bandarini hadi ziwani, na kuitunza ikishafika?

Kuleta chombo cha majini ndani ya masanduku si jambo geni, tena limepita mkoani kwetu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati hadi Kigoma. Reli hiyo ndiyo inayopita Manyoni na Itigi. Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa kiwandani, na meli ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 iliweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Kanisa nalo limefanya kazi hiyo. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliagiza meli kutoka Glasgow kwa ajili ya Ziwa Nyasa, wakaiita Chauncy Maples, jina la askofu wao aliyezama ziwani humo mwaka 1895. Ilianza kuelea mwaka 1901. Tangi lake la mvuke, lililokuwa la tani kadhaa, liliwekwa juu ya magurudumu na kukokotwa nchi kavu na mamia ya watu. Hilo ndilo lilikuwa tela lao!

Sasa turudi kwenye kontena letu. Lile la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi, na mlango wake ni upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28. Watu hupima boti wakasahau mkono wa tela unaotokeza mbele. Boti ya mita 5 ikiwa juu ya tela huweza kuzidi mita 6, na hapo inabidi mkono ufunguliwe au likodiwe kontena la futi 40. Pia magurudumu yakitokeza sana pembeni hayapiti mlangoni, hivyo huondolewa. Petroli yote itolewe, betri ichomolewe, na boti ifungwe kwa mikanda kwenye pete za sakafuni. Mbao za kukazia ziwe zimetibiwa na kugongwa mhuri wenye alama ya suke la ngano, kwa kuwa mbao mbichi husafirisha wadudu.

Ugumu mkubwa uko forodhani. Pale boti na tela ni bidhaa mbili, kila moja na ushuru wake, na juu yake VAT ya asilimia 18. Neno "msaada" halifuti kodi lenyewe. Msamaha huombwa, na huombwa mapema, kwa jina lile lile la mpokeaji lililo kwenye hati ya shehena. Aidha, muda wa bure bandarini ukiisha, ada ya hifadhi huhesabiwa kila siku, na mwenye kontena naye hudai yake. Tela nalo husajiliwa na kupewa namba.

Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kama kilomita 700. Ushauri wangu ni kwamba kontena lifunguliwe huko huko na boti ije kwa lori ikiwa juu ya tela lake. Beringi ndogo za tela tuzihifadhie Kitangiri, ambako maji hurudi nyuma wakati wa kiangazi na boti italazimika kuvutwa mbali kwenye tope.

Kwa wafadhili tuna ombi moja: badala ya kujaza nafasi iliyobaki kwa nguo, wekeni propela ya akiba, plagi, beringi na kitabu cha injini.

Na sharika za kando ya ziwa tunaziomba majina mawili: kijana atakayefundishwa kuendesha, na fundi atakayeitunza injini. Bila majina hayo nitawaandikia marafiki zetu wasubiri kwanza, na nadhani watatuelewa.

Sasa nakaribisha maswali.