Mwacheni Binti Ale Karanga

Msikilizaji, karanga zimeonewa vya kutosha. Penye kijana mwenye chunusi hapakosi mtu mzima wa kumwambia aache karanga. Akiziacha karanga, anaambiwa na mayai pia. Baada ya mayai zamu ya parachichi, kisha maziwa, kisha chochote kilichopita kwenye karai la mafuta. Mwisho anabaki na wali mweupe na mchicha, na chunusi ziko palepale.

Sizungumzii kale kapele kamoja kanakojitokeza siku mbili kabla ya harusi. Nazungumzia chunusi kali: vinundu vigumu vilivyojichimbia chini ya ngozi ya taya na mgongo, vinavyouma hata shavu likigusa mto, vinavyotunga usaha, na vikipona vinaacha shimo au doa jeusi la miezi. Mwenye hali hiyo yuko tayari kufuata sharti lolote. Na masharti ya chakula yanamnasa upesi kwa sababu hayana foleni wala ada ya kumwona daktari, tena anaweza kuyaanza leo hii jioni.

Je, chakula hakihusiki kabisa? Kwa miaka mingi madaktari walijibu kwamba hakihusiki, na walijibu kwa kujiamini kupita ushahidi waliokuwa nao. Mwaka 1969, watafiti Fulton, Plewig na Kligman walichapisha Marekani jaribio lao kuhusu chokoleti. Watu 65, wakiwemo wafungwa vijana, walilishwa kila siku kipande chenye kakao mara kumi ya chokoleti ya kawaida, na kwa zamu nyingine kipande kinachofanana nacho ila hakina kakao. Kila zamu ilichukua wiki nne. Chunusi hazikutofautiana, chokoleti ikaachiwa huru, na hukumu hiyo ikanakiliwa kitabu hadi kitabu. Sasa hebu kitazame hicho kipande cha pili. Kilitiwa mafuta ya mimea na sukari kwa kiasi kinachokaribiana na cha kwanza. Sukari imepambanishwa na sukari, ikatoka sare! Na miongoni mwa waliochangia gharama za utafiti ni chama cha watengenezaji chokoleti.

Mlango ulifunguliwa upya mwaka 2002. Mtafiti Loren Cordain na wenzake walitoa taarifa kutoka kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea. Daktari aliwakagua wakazi 1,200, wakiwemo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25, asione hata mmoja mwenye chunusi. Walikula nini watu hao? Viazi vitamu, viazi vikuu, magimbi, matunda, samaki na nazi. Mtu wa Pemba akisikia orodha hiyo atadhani anasomewa chakula cha bibi yake. Nazi ina mafuta mengi, na nyuso zao zilikuwa safi. Kisichokuwepo mezani kwao kilikuwa mkate mweupe, soda na biskuti. Naam, huenda damu ya ukoo nayo ina sehemu yake, maana kisiwa kimoja si ushahidi wa dunia nzima.

Ndipo watafiti wa Melbourne, mwaka 2007, wakafanya jaribio la kweli: vijana wa kiume 43, wiki 12, nusu wakipunguziwa sukari na wanga unaopandisha haraka sukari ya damu. Kundi hilo lilipungukiwa na chunusi 23 hivi kwa wastani, wenzao 12. Lakini lilipungua na uzito pia, kwa hiyo huwezi kuapa kwamba ni sukari peke yake.

Njia yenyewe inaeleweka. Sukari nyingi huita insulini nyingi, na insulini huamsha kichocheo kingine cha ukuaji, na vyote viwili huzisukuma tezi za ngozi kutoa mafuta zaidi. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba kinyweleo, bakteria wakaota humo, pakavimba. Maziwa nayo yameonekana kuhusiana na chunusi katika tafiti kadhaa. Na vijana wa jimu, nyie mnaokoroga poda ya protini ya maziwa asubuhi na jioni, madaktari wa ngozi wameandika habari za wenzenu waliolipukwa na chunusi baada ya kuianza poda, zikatulia walipoiacha.

Kwa hiyo sukari ina kesi ya kujibu. Lakini kesi ndogo. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, bado kimesema ushahidi hautoshi kuagiza mlo fulani kuwa tiba ya chunusi. Punguza soda, na chai yenye vijiko vinne vya sukari, hutajuta. Ila vinundu vya usaha havitaondoka kwa kunyimwa chapati.

Kinachoniudhi zaidi ni biashara ya kupima damu ili uambiwe vyakula "visivyopatana nawe". Vingi kati ya vipimo hivyo hutafuta kingamwili iitwayo IgG, na mwili huitengeneza kwa chakula unachokula mara kwa mara, hata kama hakikudhuru. Mla maharage atakutwa na alama ya maharage. Vyama vya wataalamu wa mzio, Marekani na Ulaya, vimeshauri vipimo hivyo visitumike kwa kazi hiyo. Mzio wa kweli wa chakula una sura yake: vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kutapika, pumzi kubana, aghalabu ndani ya dakika au saa chache. Hauji kama kinundu cha taya.

Binti wa miaka 16 anayepoteza damu kila mwezi akinyimwa mayai, maziwa, karanga na samaki kwa pamoja, atapata chuma na protini wapi? Baadhi huanza kuogopa sahani yenyewe. Na hapo hapo, karanga zikisimamishwa mahakamani, hakuna anayeuliza usoni amepaka nini. Krimu za kung'arisha zinazouzwa kiholela, zenye steroidi kama klobetasoli, huzaa chunusi zake zenyewe. Siku za mwanzo uso hunawiri, kisha hulipuka, na akiacha ghafla huwaka zaidi. Familia inamnyima chakula, mkorogo uko kwenye mkoba.

Mama, baba, ukiona vinundu, usaha au makovu, mpeleke mtoto kwa daktari. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliosomea hapo wametawanyika Afrika nzima. Dawa zipo: benzoili peroksaidi na adapalini za kupaka, doksisaiklini ya kumeza kwa muda maalumu. Kwa hali mbaya kabisa ipo isotretinoini, ambayo hudhuru vibaya mimba, hivyo mjamzito hapewi, na msichana huipata kwa uangalizi wa karibu.

Na ukishaandikiwa, vumilia. Dawa za chunusi huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na za kupaka huweza kukausha ngozi mwanzoni. Usizitupe wiki ya tatu kwa sababu jirani ametaja chakula kingine cha kuacha.