KUPIMA NAFASI KABLA YA KUOMBA CHUO
Hotuba kwa wanachama wa Mbeya na Iringa



Nimetakiwa niseme machache juu ya vyuo, na jinsi impasavyo mzazi kukaa na mtoto wake wakapima kama aweza kupokelewa, kabla ya kupeleka maombi. Shauri hili si dogo. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yatokapo mwezi wa Julai, nyumba nyingi za watumishi wa serikali, toka Tukuyu mpaka Kilolo, huingiwa na furaha na mashaka kwa pamoja. Wako vijana waliofaulu vema, nao wakabaki nyumbani mwaka mzima, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kuomba vibaya.

Wazee wetu hawakuwa na taabu ya kuchagua. Kabla ya mwaka 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka elimu hiyo ilimlazimu kwenda Makerere katika Uganda, au mbali zaidi. Ndipo tarehe 25 Oktoba 1961 chuo cha Dar es Salaam kikafunguliwa. Leo hatuna haja ya kuvuka mpaka. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kuwa chuo cha ufundi. Kuna Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, ndaki ya Mzumbe, na ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Iringa kuna Mkwawa, iliyokuwa shule ya sekondari hata ikafanywa chuo cha ualimu wa shahada mwaka 2005. Kuna Chuo Kikuu cha Iringa, na kile cha Kikatoliki cha Ruaha. Milango imekuwa mingi, na kwa hiyo kazi ya kuchagua imekuwa kubwa.

Yafaa pia tukumbuke kwamba utaratibu umebadilika. Toka mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, nao ulimpangia mwombaji chuo. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwa kila chuo akitakacho. Uhuru huu ni mwema, lakini umeutwika mzigo wa kupima juu ya mabega ya mtoto na mzazi wake.

Jambo la kwanza nitakalo tulishike ni hili: sifa si nafasi. Sisi tulio maofisini twalijua sana. Kazi ikitangazwa, huandikwa sifa zitakiwazo. Wakitokea watu arobaini wenye sifa hizo, na nafasi ni mbili, je, wote arobaini wataajiriwa? Hasha. Sifa ilimpa kila mmoja ruhusa ya kuhesabiwa tu. Kadhalika na vyuo. Kiwango cha chini humwingiza mtoto katika hesabu. Kiti hutolewa kwa wale walio juu, mpaka viti viishe.

Jambo la pili ni kujua kuhesabu. Daraja A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kwa shahada nyingi, mtoto wa kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu masomo mawili kwa daraja la E au zaidi, na jumla yake isipungue pointi 4. Lakini angalieni sana: si masomo mawili yoyote, bali yale yatajwayo na shahada yenyewe. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Tumfikirie msichana aliyepata B ya Kiswahili, D ya Kiingereza, na E ya Historia. Baba yake akijumlisha yote apata 7, naye hufurahi. Shahada ikitaka Kiswahili na Kiingereza, binti ana 6, na maombi yake yana nguvu. Ikitaka Historia na Kiingereza, ana 3 tu, wala hana sifa kabisa. Ni binti yule yule, na cheti kile kile. Udaktari nao hutaka Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu, na kila somo lina daraja lake la chini. C moja nzuri haiwezi kuziba pengo la somo jingine.

Jambo la tatu ni kusoma mwongozo wa udahili utolewao na Tume kila mwaka. Uko mmoja kwa waliomaliza kidato cha sita, na mwingine kwa wenye stashahada. Msiishie kwenye jina la chuo na jina la shahada. Someni masomo yatakiwayo, someni pointi za chini za chuo hicho, tena someni idadi ya wanafunzi watakaopokelewa. Safu hiyo ya mwisho hupitwa na wengi, nayo ndiyo isemayo kweli. Kisha ulizeni chuoni, au kwa vijana walioingia mwaka uliopita, wa mwisho kupokelewa alikuwa na pointi ngapi. Jibu hilo si ahadi, maana kila mwaka una waombaji wake. Lakini ni taa ya kuonyesha njia.

Baada ya kupima hivyo, gawanyeni maombi katika ngazi tatu. Ngazi ya juu ni shahada aipendayo sana mtoto, ambayo ana sifa yake lakini washindani ni wengi. Ngazi ya kati ni ile ambayo pointi zake zalingana na za waliopokelewa. Ngazi ya chini ni ile ambayo pointi zake zazidi kwa wazi. Aombaye ngazi ya juu peke yake aweza kukosa zote. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Naye aombaye ya chini peke yake, kwa hofu, hujinyima alichostahili. Hata hivyo, ngazi ya chini isiwe mahali asipokubali kwenda. Chuo ambacho mtoto hatakisoma kwa moyo si kinga, ni jina tu katika karatasi.

Majibu yakitoka, aliyechaguliwa na vyuo viwili au zaidi hana budi kuthibitisha kimoja, na kwa wakati uliowekwa. Aliyekosa asikate tamaa, maana hufuata awamu nyingine kwa viti vilivyobaki. Lakini shahada zitafutwazo na wengi huwa zimekwisha kujaa. Tena kupokelewa si kupata mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ina maombi yake mbali. Pimeni ada, malazi na nauli kabla ya kuomba, wala si baada ya kupokelewa.

Na yule ambaye pointi zake hazikufika? Stashahada si aibu. Aipataye kwa wastani wa 3.0, akiwa na pasi nne za kidato cha nne, ana njia ya kuiendea shahada. Kijana aliyefika kwa miaka miwili zaidi amefika.

Neno langu la mwisho ni letu sisi wazazi. Mara nyingi mtoto ajua kipimo chake, lakini huomba udaktari au sheria kwa kuwa baba amekwisha kuwatangazia jamaa. Tukifanya hivyo, twampeleka mtoto kutafuta heshima yetu kwa pointi zake, na akikosa, yeye ndiye abakiye nyumbani. Tukae naye, cheti mezani na mwongozo kando, tumwulize atakalo, kisha tuhesabu pamoja naye.