Jibu Lisiporudi
(Maneno aliyoyasema mwanafunzi wa zamani siku ya makutano yetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini. Nitasema jambo moja tu: jinsi programu iliyo katika kompyuta moja inavyoiagiza kompyuta ya mbali ifanye kazi.

Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson, wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California, walichapisha maelezo ya mbinu hiyo. Mwaka 1997 lugha ya Java nayo ikaileta kwa objekti, yaani vitu vya programu vyenye taarifa na vitendo vyake. Objekti ya mbali huwekewa wakala katika kompyuta yako. Programu yako humwambia wakala, "Kata ada." Wakala hulifunga agizo kama barua na kulituma mtandaoni. Huko hufunguliwa, kazi hufanywa, na jibu hurudishwa. Wewe huona kana kwamba yote yamefanyika mezani pako.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nikiwa mgeni kazini, niliandika programu ya kukusanya ada. Jibu likichelewa, programu ilituma agizo tena. Kumbe siku moja agizo la kwanza lilikuwa limefika, na kilichopotea njiani ni jibu. Mama mmoja akakatwa fedha mara mbili. Alipokuja na karatasi zake, mimi na shahada yangu nikamjibu kwamba kompyuta haikosei. Alirudi mara tatu ndipo nikatazama. Fedha zake alirudishiwa, lakini aibu ile ninayo hadi leo.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukimtuma mwenzetu dukani kununua sukari? Akichelewa, haikuwa na maana kwamba hajanunua. Pengine yuko njiani. Ukimtuma wa pili, utalipa mara mbili.

Dawa yake ni hii. Kila agizo lipewe namba yake, na kompyuta ya mbali iziandike namba ilizokwisha kuzitimiza. Namba ile ile ikija tena, irudishe jibu la kwanza bila kuirudia kazi.

Wadogo zangu, wengi wenu mtaandika programu hizo. Jibu lisiporudi, msidhani kazi haikufanyika. Na mwananchi akija na karatasi zake, mzisome kwanza.