Mtoto wa Paka na Viti vya Nyumbani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo kwanza laweza kuonekana dogo, hata mtu akacheka: namna ya kumzuia mtoto wa paka asiparue viti, vitanda na mikeka ya nyumbani. Lakini tusiharakishe kucheka. Kiti kizuri hakipatikani kwa seremala bila fedha. Mkeka mzuri wa ukindu humchukua mwanamke siku nyingi za kusuka. Na paka naye ndiye mlinzi wa ghala. Mtoto wa paka akiharibu kiti, mara nyingi mwenye nyumba hushikwa na hasira, akampiga, au akamtia katika kikapu na kwenda kumtupa mbali. Haupiti muda mrefu, panya wamerudi darini, na mahindi yaliyowekwa kuwa mbegu yametobolewa. Hapo mtu amepata hasara mbili: kiti kimeharibika, na mlinzi hayupo. Nia yetu ni kuonyesha kwamba si lazima kuchagua kimoja, ama kiti ama paka. Mtu aweza kuwa navyo vyote viwili, akiisha kujua ni kwa sababu gani paka huparua.

Wengi hudhani kwamba paka huparua kwa ukaidi. Sivyo hata kidogo. Ana sababu tatu, na zote ni za maana kwake.

Sababu ya kwanza ni kutunza makucha. Paka kwa kawaida ana makucha 18: matano katika kila mguu wa mbele, na manne katika kila mguu wa nyuma. Ukucha wake hukua tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu. Ganda la nje likichakaa hulegea, na chini yake upo ukucha mpya, mkali. Kuparua humsaidia kuliondoa ganda lile kuukuu. Mkitazama chini ya kiti kilichoparuliwa, huenda mkaona vipande vyembamba vilivyopinda kama mwezi mchanga. Hayo si makucha yaliyovunjika, bali ni maganda yaliyovuliwa.

Sababu ya pili ni kunyosha viungo. Mtazameni paka aamkapo usingizini. Husimama, akapinda mgongo, kisha akatafuta kitu kisichotikisika, akakikamata kwa makucha na kujivuta kwa uzito wa mwili wake wote. Hivyo misuli ya mabega na ya mgongo hunyoka, naye huwa tayari kwa kukimbia na kuruka.

Sababu ya tatu ni kuweka alama. Katika nyayo za paka, baina ya vidole, mna matezi yatoayo harufu ambayo pua zetu haziwezi kuitambua, lakini paka huitambua vizuri. Aparuapo huacha alama mbili, moja ya macho na moja ya pua, kama vile mtu aandikavyo jina lake mlangoni ili wapitao wajue mwenyewe ni nani. Ndiyo sababu hupenda kuparua mahali pa kupita watu, kama kiti cha baba sebuleni, akakiacha kigoda kikuukuu kilichotupwa nyuma ya jiko.

Tabia hii ni ya ukoo mzima. Simba na chui huparua miti, nao hawana kiti cha kuharibu. Paka wetu wa nyumbani ametoka katika ukoo wa paka wa mwitu wa Afrika na wa nchi za Mashariki ya Karibu, na paka hao wa mwitu wangali wakiishi katika mbuga za Afrika hata leo. Urafiki wao na mwanadamu ulianza zamani sana, watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, na panya wakaifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Mwaka 2004 wataalamu kutoka Ufaransa walitangaza habari ya kaburi walilolifukua katika kisiwa cha Kipro, kile kitajwacho katika Matendo ya Mitume. Ndani yake mtu alizikwa, na karibu naye paka, yapata miaka 9,500 iliyopita. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo watu walivuka nao bahari. Basi kwa miaka maelfu tumeishi na paka kwa faida ya makucha yake. Si haki kuyataka makucha hayo ghalani, kisha kustaajabu tuyaonapo sebuleni.

Kumkataza paka asiparue kabisa ni sawa na kumkataza kuku asichakure. Hawezi kutii, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Lakini kumhamisha kutoka mahali pabaya kwenda mahali pema, jambo hilo lawezekana, na hasa akiwa mdogo. Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi. Yafaa kuanza siku ile ile mtoto wa paka aingiapo nyumbani, akiisha kuacha kunyonya, yaani akiwa na majuma 8 au zaidi.

Kwanza mfanyieni nguzo yake mwenyewe. Tafuteni mti mnyofu, mnene kama mkono wa mtu mzima au kupita, na urefu wake upate futi 3, yaani sentimeta 90 hivi, ili hata akiisha kukua aweze kujinyosha mpaka mwisho. Upigilieni misumari juu ya ubao mpana na mzito, au uchimbieni chini kama nyumba ina sakafu ya udongo. Neno kubwa ni hili: nguzo isitikisike. Ikimwangukia mara moja tu, ataiogopa, naye atarudi kwenye kiti, kwa maana kiti hakimwangukii.

Kisha zungusheni kamba ya mkonge tangu chini hata juu, mzunguko mmoja ukibana mwingine, na ncha zake zikazwe vizuri. Mkonge hasa ndio upendwao na paka wengi, kwa kuwa ni mkavu, wenye nyuzi ngumu zinazoshika ukucha. Mmea huu uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani, Dr. Richard Hindorf, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, ukaenea mpaka ukawa mali kubwa. Leo katika miji ya Ulaya na Marekani watu hununua madukani nguzo za paka zilizozungushiwa kamba za mkonge. Mwanakijiji aliye karibu na mashamba ya mkonge aweza kujitengenezea kitu hicho hicho kwa mikono yake. Pasipokuwa na mkonge, kamba ya makumbi ya nazi yafaa, au gogo lenye gome gumu. Tena wako paka wapendao kuparua kitu kilicholala chini. Hao wapewe kipande cha jamvi kuukuu au ubao usiopigwa randa.

Pili, iwekeni nguzo mahali pafaapo. Wengi huitengeneza vizuri, kisha huificha uani, halafu husema paka ni mjinga. Iwekeni karibu na anapolala, kwa kuwa huparua aamkapo; au kando kabisa ya kiti anachokiharibu. Akiisha kuizoea kwa majuma kadhaa, mwaweza kuisogeza kidogo kidogo, shibiri moja kwa siku, mpaka ifike mnapotaka.

Tatu, mfundisheni kwa upole. Burureni uzi au unyasi juu ya nguzo ili aukamate kwa makucha. Akiisha kuonja kamba atarudi mwenyewe. Kila aparuapo nguzo, mpeni papo hapo kipande cha dagaa au msifuni kwa sauti nyororo. Msikawie, maana zawadi ikichelewa hatajua ni ya nini. Wala msimshike miguu na kumlazimisha kuparua. Hilo humtia hofu tu. Mkimkuta kitini, msipige kelele. Mwondoeni taratibu, mkampeleke kwenye nguzo.

Nne, wakati anapojifunza, kikingeni kiti. Kifunikeni kwa kitambaa laini kilichokazwa pande zote, kisichoshika ukucha. Mahali palipokwisha kuparuliwa posheni kwa sabuni na maji, ili harufu ipungue. Kama kiti ni cha kamba au ukambaa, kitengenezeni mapema, kwa kuwa nyuzi zilizolegea humwita paka kama ngoma imwitavyo mchezaji.

Sasa tutaje mambo yasiyofaa. La kwanza ni fimbo. Sisi tulio katika kazi ya kufundisha twajua kwamba mwanafunzi apigwaye bila kuelewa kosa lake hajifunzi somo. Hujifunza kumwogopa mwalimu. Paka ni zaidi ya hivyo. Hawezi kuunganisha kipigo na kiti. Hukiunganisha na yule ampigaye. Kwa hiyo ataendelea kuparua mkiwa shambani, naye atawakimbia mkirudi. Paka amwogopaye mwanadamu huhamia vichakani, na ghala hubaki bila mlinzi.

La pili ni kupaka viti pilipili au mafuta ya taa. Pilipili humchoma macho na pua, na huwachoma watoto pia. Mafuta ya taa ni sumu: paka hujilamba mwili wake kila siku, na kilicho katika manyoya huingia tumboni.

La tatu, nalo ndilo baya kuliko yote, ni kumwondoa makucha. Ukucha wa paka haukushikamana na nyama kama ukucha wetu. Umeota katika mfupa wa mwisho wa kidole. Kuuondoa ni kuukata mfupa ule, kama kumkata mtu ncha za vidole vyote penye kiungo cha mwisho. Katika nchi nyingine waganga wa wanyama walifanya hivyo kwa miaka mingi ili kuokoa viti. Baadaye watu waliona ukatili wake: Israeli iliweka sheria ya kukataza mwaka 2011, na jimbo la New York huko Marekani mwaka 2019. Paka asiye na makucha hawezi kupanda mti akikimbizwa na mbwa, wala kumkamata panya kama ipasavyo.

Huenda mtu akauliza, je, kupunguza ncha za makucha si vema? Kwa paka akaaye ndani siku zote ni vema, kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa mkasi mkali wa kucha. Ikatwe ncha nyeupe tu; sehemu nyekundu ndani ya ukucha ina damu na maumivu, isiguswe. Lakini paka wa kijijini, ambaye hutembea nje na kuwinda usiku, aachiwe makucha yake yote. Hizo ndizo silaha zake, na ndizo mnazomwekea nyumbani.

Nanyi wanafunzi, kazi hii ni yenu hasa. Nguzo moja yaweza kutengenezwa katika muda wa somo moja la kazi za mikono, kwa mti, misumari na kamba. Ipelekeni nyumbani, kisha angalieni kila siku paka ameparua wapi, nguzoni au kitini, mkaandike katika daftari. Baada ya mwezi mmoja mtakuwa na jambo la kuwaeleza wazazi wenu, nao watalisadiki, kwa kuwa mmeliona kwa macho yenu wenyewe.

Paka akiondoka, panya hutawala. Methali hiyo twaijua sote. Basi kabla ya kumtia mtoto wa paka katika kikapu, jiulizeni kwanza kama mmempa mahali pake pa kuparua. Ikiwa hamjampa, hakuvunja amri yo yote. Alitumia kiti kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine. Mpeni nguzo yake, mngojee majuma machache, nanyi mtaketi vitini mwenu kwa raha, na mbegu zenu zitalala salama ghalani.