Hotuba ya Mweka Hazina: Swichi ya Pumzi kwa Kijana Wetu

 

Sisi wa ofisi ya mweka hazina tumezoea kuwasomea mapato na matumizi. Leo tunaanza na tumizi moja linalotuuma. Mwaka jana mlichanga, tukamnunulia kijana wetu kiti cha magurudumu. Kijana huyu alikuwa akibeba marobota Mtaa wa Kongo, akaanguka ngazini na mzigo, akaumia uti wa mgongo shingoni. Hawezi kusogeza mikono wala miguu. Kiti tulichonunua ni cha kusukuma kwa mikono. Risiti ipo, hesabu zimefunga, lakini kiti kimeegemezwa ukutani, mama yake anaanikia nguo. Hatukumuuliza mwenyewe. Kosa ni letu.

Safari hii tumemuuliza. Anataka mambo mawili: kupiga simu usiku bila kumwamsha mama, na kurudi kwenye biashara. Bei za vitenge anazijua kuliko sisi wahasibu.

Tukatafuta, tukakuta swichi ya pumzi. Si jambo geni. Miaka ya 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Reg Maling aliona kuwa wagonjwa waliopooza walikuwa na filimbi tu ya kumwitia muuguzi. Akabuni mtambo wa kupuliza na kuvuta pumzi kwenye mrija, mgonjwa akaweza kuwasha taa na kupiga taipu. Mwaka 2014 Hilary Lister, Mwingereza aliyepooza kuanzia shingoni, aliongoza mashua ya tanga kwa mirija hiyo kutoka Mumbai hadi Muscat, akiwa na Nashwa Al Kindi wa Oman. Bahari ile ile ya majahazi ya wazee wetu!

Inavyofanya kazi ni hivi. Mrija unakaa karibu na midomo. Ukipuliza, kifaa kinapata ishara moja. Ukivuta, ishara ya pili. Simu janja nyingi za leo zina mpangilio wa kupokea swichi: kioo kinamulika kitufe kimoja kimoja, kikifika unachokitaka, unapuliza. Ni taratibu, lakini ujumbe unafika, na pesa inatumwa.

Ndugu zetu, hatutarudia kosa. Kwanza kijana atajaribu kifaa akiwa na mtaalamu, ndipo tulipe. Na bajeti si ya kifaa peke yake: ipo mirija ya kubadilisha, betri ya siku umeme ukikatika, mkono wa kushikilia mrija kitandani, na mafunzo kwake na kwa mama, maana mrija usiposafishwa huziba.

Tunaomba shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kila mmoja. Kwa mwaka ni 120,000. Tukiwa 50 tu, ni milioni 6. Kitakachobaki kitamsubiri mwingine, kwani kwenye mitaa yetu ya mikokoteni na bodaboda hayuko peke yake. Kila mchango utapewa risiti.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwakani tunataka taarifa ya mfuko huu aiandike yeye mwenyewe, kwa pumzi yake, nasi tuisome hapa mbele yenu.