Nafsi ya Mfanyakazi



Iko elimu iitwayo saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Kazi yake ni kuchungua jinsi mtu afikirivyo, apendavyo, aogopavyo na azoeavyo mambo. Wengi hudhani ya kuwa elimu hii ni ya waganga wa hospitali peke yao. Sivyo. Popote palipo na mtu aagizaye kazi na mwingine aifanyaye, nafsi mbili zimekutana. Na asiyejua habari za nafsi hupoteza mali, na pengine hupoteza amani. Nataka kuwaonyesha jambo hili katika nchi yetu ya Rufiji, toka Kibiti hata visiwa vya delta.

Kwanza, mtu hutaka kuyaona matunda ya kazi yake. Mwaka 1902 Serikali ya Wadachi ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika pwani yetu. Majumbe waliamriwa kuwa na mashamba hayo, na watu wao wakalazimishwa kuyalima, ilhali mpunga na mahindi yao wenyewe yakingoja jembe. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu moja la wafanyakazi, moja la jumbe, na moja la wale waliosimamia na kuuza. Fungu la wafanyakazi lilipogawanyika kwa watu wengi, kila mmoja alipata kidogo mno, hata wengine wakakataa kukipokea. Mfikirieni mtu huyo: hakuulizwa, hakuchagua, na mwisho hakuona faida. Juu ya hayo palikuwa na kodi na viboko vya maakida. Basi Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliing'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu dawa ya maji, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka uo huo. Vita viliendelea hata 1907, na watu maelfu kwa maelfu wakafa, wengi wao kwa njaa. Tazameni ni kitu gani kilichong'olewa kwanza. Hakikuwa bendera, bali mche wa pamba, alama ya kazi isiyo na matunda kwa aifanyaye.

Pili, mtu hutaka kujua mpaka wa kazi yake. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya vitabu, nao waliligawa shamba kwa ngwe. Mwambie kijana, “Lima mpaka nitakapokuja,” naye atalima huku akiitazama njia. Mwambie, “Ngwe yako ni toka kisiki hiki hata mnazi ule, ukimaliza, nenda zako,” naye atalima huku akiutazama mnazi. Jembe ni lile lile, na jua ni lile lile, lakini moyo umegeuka. Vivyo hivyo boriti za mikoko za delta, zilizopakiwa majahazini kwenda Unguja na Uarabuni, zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkataji aliyejua hesabu ya korija zake alijua alipofika na mahali palipobaki.

Tatu, mtu hutaka kuonwa na kusikizwa. Katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na mji wa Chicago, Marekani, wataalamu walianza mwaka 1924 kupima kama mwanga wa taa huongeza kazi. Walipozidisha mwanga, kazi iliongezeka. Lakini walishangaa kuona ya kuwa hata walipoupunguza, mara nyingine kazi haikupungua. Baadaye waliwaweka wasichana wachache katika chumba cha peke yao, wakawabadilishia saa za kupumzika, na kuwauliza maoni yao. Kazi ikaongezeka tena. Elton Mayo na wenzake walisema ya kuwa sababu kubwa ni kwamba wasichana wale walijiona ni watu wanaothaminiwa. Wataalamu wa baadaye waliwapinga, wakikumbusha kwamba njia ya kuwalipa wasichana wale nayo ilibadilishwa. Mimi naona mabishano haya yatufaa sana. Yatufundisha kwamba heshima na ujira ni makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Ukipiga kasia la upande mmoja tu, mtumbwi huzunguka pale pale. Msimamizi asemaye maneno matamu lakini hucheleweshea watu mishahara yao, asidhani ya kuwa anatumia elimu ya nafsi. Mkono mtupu haulambwi.

Nne, mwili na nafsi huchoka pamoja. Katika Vita Kuu ya kwanza, Uingereza iliwafanyiza watu kazi saa nyingi mno katika viwanda vya risasi na mizinga, hata Jumapili. Mwaka 1915 iliundwa kamati ya kuchungua afya zao, nayo ikaonekana ya kuwa saa zilizozidi kiasi hazikuongeza kazi. Ziliongeza makosa na maradhi tu.

Sasa na turudi kwetu. Wakati wa mpunga, watu wa Rufiji huhamia shambani na kukaa katika madungu, wakiwinga ndege mchana na kulinda nguruwe usiku. Mara nyingi mtoto ndiye awekwaye juu ya dungu toka alfajiri. Akisinzia saa nane, baba humwita mvivu na kumpiga. Lakini mwenye kujua nafsi angeuliza: Je, mtoto huyu amekula? Amebadilishwa zamu? Ameambiwa gunia lipi litakuwa lake? Kipigo humwamsha mtoto saa moja; sababu aijuayo mwenyewe humkesheza siku nzima.

Kadhalika vijana wa delta wakikodiwa kupanda miche ya mikoko. Yule aliyepewa ujira tu, huichomeka miche topeni ili siku ipite. Yule aliyeonyeshwa kwamba kamba na samaki hukulia katika mizizi ile, na ya kuwa mikoko huzuia mawimbi yasile ufuko, huipanda kwa mkono wa mtu mwenye mali.

Basi, nyinyi mlio na watu chini yenu, iwe ni shamba la mikorosho, duka la Kibiti, au darasa, jiulizeni maswali manne kabla ya kusema ya kuwa watu ni wavivu. Je, wanaona matunda ya kazi yao? Je, wanajua ngwe yao? Je, wanasikizwa? Je, wanapumzika? Likikosekana moja, litengenezeni hilo kwanza. Yakiwapo yote manne, na mtu bado hafanyi kazi, hapo ndipo mtakapokuwa na haki ya kumlaumu.